Zima simu kwanza: siku nane Unguja na Pemba

Siku ya 1, Alkhamis

Boti ya Dar imefunga gati Malindi kwenye saa nne asubuhi hivi, nimeshuka na begi la mgongoni, simu mbili (moja ya kurekodia moja ya kupigia), daftari la kurasa 96 na kichwa kimejaa miaka. Miaka yenyewe nimeibeba tangu skuli, Julai 1957 uchaguzi wa kwanza, Juni 1961 uchaguzi uliokwisha kwa fujo na watu 68 kufa, Julai 1963 uchaguzi tena, 10 Disemba 1963 uhuru, na siku 33 tu baadae, 12 Januari 1964, mapinduzi. Alafu Muungano mwezi wa nne, alafu Mzee Karume kupigwa risasi Kisiwandui 7 Aprili 1972, alafu vyama vingi na chaguzi zake. Mtu yoyote wa hapa anakutajia orodha hiyo huku anafunga kamba za viatu. Mi nataka kitu kingine. Nataka watu ambao hawajawahi kuwa rais wala waziri wala hata sheha, wanambie wao siku hizo walikuwa wapi, walikula nini, mlango ulifungwa na nani.

Wa kwanza nimeunganishiwa na binamu yangu, bibi mmoja anakaa kwenye majumba ya Michenzani, yale marefu yaliojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ngazi za kwake zimenikausha koo. Nimempa shikamoo, kaitikia, kaniangalia simu yangu mkononi kama mtu anaeangalia paka asie wake.

Baba yake alikuwa anakaa shamba la watu upande wa Kaskazini. Utaratibu ulikuwa hivi, unalima muhogo na mpunga wako chini ya minazi na mikarafuu ya mwenye shamba, kodi hutoi, kazi yako kumpalilia, lakini mti wa kudumu huruhusiwi kupanda, maana ukipanda mti ushakuwa na kidai kwenye ardhi. Basi baada ya ule uchaguzi wa 1957 mambo yakabadilika, mwenye shamba akaanza kuuliza watu wamempigia nani. Ukiwa Mhizbu, yani wa chama cha ZNP, kaa, ukiwa Afro, yani wa Afro-Shirazi, toka. Wao wakatoka. Anakumbuka kitanda cha kamba kimebebwa kichwani na kaka yake, na mbuzi mmoja ambae kila baada ya hatua mbili anarudi nyuma, hataki kwenda, "mbuzi hajui siasa yule". Wakaja Ng'ambo wakapanga chumba kimoja watu saba.

Uchaguzi wa 1963 chama chao kikapata zaidi ya nusu ya kura zote, viti 13. Wenzao kwa ushirika wao wakapata viti 18 na serikali. Hapo bibi alinyamaza kidogo akasema, "Sie tulihesabu hivi na hivi, haikuja." Tarehe 12 ilikuwa Jumapili, siku chache kabla ya Ramadhani, anakumbuka kwa sababu mama yake alikuwa anachagua choroko za futari. Walisikia milio ya upande wa Ziwani, alafu redioni sauti ya mwanamme wasiemjua, Kiswahili chake cha bara, anajiita Fildi Marshali, ndo John Okello. Baadae, kwenye ugawaji, baba yake akapata eka tatu. Kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kujenga banda, alipanda mnazi. Bibi kanionesha kwa mkono urefu wa mche wenyewe, chini ya goti.

Nikamuuliza, na wale wenye shamba la mwanzo, wao siku ile ilikuwaje?

"Zima simu kwanza."

Nikazima. Akakaa. Akasema walikuwa na mtoto wa kike, wakicheza nae kombolela. Nikangoja. "Basi?" "Basi. Chai yako imepoa hiyo, lete nikutilie nyengine."

Siku ya 2, Ijumaa

Mji Mkongwe, nyumba ya ngazi za mbao zinazolia. Huyu ni mama wa miaka sabini kwenda juu, asili yao Waajemi kwa upande wa bibi yake. Kanipokea vizuri mno, mkate wa kumimina, kahawa, kanisifu Kiswahili utadhani nimetoka Ulaya. Mi natoka Temeke.

Kisa chake ni cha 1970. Mwezi wa tisa mwaka ule wasichana wanne wenye asili ya kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, jambo lilijulikana dunia nzima, lakini huyu mama hakuwa mmoja wao na ndo maana nilimtaka yeye. Yeye alikuwa na miaka 15 na nyumbani kukawa na uvumi kwamba kuna orodha nyengine inakuja. Baba yake hakungoja kuuliza uvumi umetoka wapi. Usiku wa siku ya tatu wakamleta binamu yake, kijana wa miaka 22 anaeuza vitambaa, na kadhi mmoja mzee, wakafunga ndoa chumba cha ndani kwa taa ya chemli. Ngoma hakuna, vigelegele hakuna, kanga zimesokotwa zikazibwa chini ya mlango mwanga usitoke. Hina alipakwa siku nne baada ya kuolewa, kwa wasiwasi hata hina walisahau. Anacheka akisimulia. "Sikumpenda mpaka mwaka wa pili. Mwaka wa pili nikampenda mpaka anakufa." Hapo nimeandika neno kwa neno.

Alafu kuna kitu kikanishika. Habari ya ile orodha waliletewa na kijana aliekuwa akifanya kazi za ndani pale pale, kabla ya mapinduzi na baada yake, aliekuwa na ndugu yake kwenye jeshi. Nikauliza kijana huyo jina lake nani, alikuwa analala wapi, aliishia wapi. Mama akaangalia dari. Akasema walikuwa wanalala juu, kulikuwa na vyumba. Alafu akanambia adhana inakaribia niende nikatie udhu.

Usiku nimekula urojo Forodhani, nimeandika kwenye daftari mstari mmoja: wanasimulia walichofanyiwa, wakifika kwa mtu walieishi nae wao, wanasimama. Nimeuzungushia duara. Nimejiona mjanja sana.

Siku ya 3, Jumamosi

Boti ya Pemba. Asieijua safari hii nimweleze, ukitoka Malindi mambo shwari, watu wanakula karanga, watoto wanakimbia, ukishaipita Nungwi na kuingia mkondoni kimya kinaanza chenyewe. Kwanza bahari, mkondo pale unapiga chombo ubavuni. Pili, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama huko ikienda Pemba, imejaza watu kupita kiasi, mamia wakafa, na ndani ya boti yoyote ya Pemba lazima kuna mtu alifiwa. Mzee pembeni yangu alisoma Yasin yote kwa sauti ya chini mpaka tunaanza kuuona Mkoani. Mi nilikuwa nimeinamia mfuko wa plastiki, sikuwa na la kuchangia.

Mkoani nimepanda daladala ya 603 mpaka Chake. Njia nzima karafuu, msimu ndo unaanza, harufu inaingia mpaka kwenye ulimi. Huku nilizaliwa, nikaondoka na miaka tisa. Leo nimelala mapema.

Siku ya 4, Jumapili

Chake Chake, baraza ya kahawa karibu na sokoni. Wazee watano, kete na bao, kahawa tungu, kashata. Wamenikubali kwa sharti moja, niseme mimi mtoto wa nani. Hapo nilifanya kitu ambacho nakiandika kwa aibu, nikataja kijiji cha upande wa mama peke yake. Mmoja akasema, "Na babaako?" Nikasema alishatangulia, presha. Wakasema innalillahi, wakanisogezea kikombe.

Mada ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Serikali ilisema tujitegemee kwa chakula, mchele wa nje ukapunguzwa mpaka ukawa kama haupo, na Wapemba kwa sababu wengi hawakuwa upande wa Afro walijiona wanapigwa mara mbili. Walisimulia kwa kupokezana huku bao linaendelea. Foleni zinaanza usiku, unaacha jiwe kushika nafasi yako, ukirudi asubuhi mawe yamehama. Kuna waliokula mizizi ya porini ambayo bila kuianika na kuiloweka maji siku kadhaa inakulevya au inakuua. Mmoja alisema mama yake alikuwa akichemsha maji tu jioni, sufuria liko juu ya moto watoto wasikie linavyochemka wapitiwe na usingizi. Magendo ya karafuu adhabu yake ilikuwa kifo, na watu waliendelea kuvusha, Mombasa kulikuwa na bei na huku hakuna mchele, sa utafanyaje. Na bakora. Wapemba mpaka leo wanaziita siku za bakora, mtu mzima na ndevu zake analazwa chini mbele ya wanawe kwa jambo dogo tu. Mzee mmoja mwembamba, mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, ndo alikuwa anasimulia vizuri kuliko wote. Ana tarehe, ana majina, ana mpangilio, nikajisemea leo nimepata hazina.

Mwenzake aliekuwa na zamu ya kucheza, bila kuinua macho kwenye bao, akasema:

"Nwambie na kalamu ilikuwa kwa nani."

Baraza zima kimya. Kete zinasikika. Mwalimu akauliza kalamu gani. Yule akasogeza kete zake moja moja mpaka zikaisha mkononi, akasema, "Kalamu ya foleni. Ya kuandika nani kapata na nani kakosa." Mmoja akacheka, alafu wote wakacheka, yani kicheko cha watu waliokaa pamoja miaka hamsini, na mwalimu nae akacheka kidogo. Alafu akamimina mashapo ya kahawa yake chini, akarudisha kikombe kwa muuza kahawa, akasema jua kali, akaenda zake. Leso yake kaisahau kwenye baraza. Yule alieuliza ndo aliikunja akaitia mfukoni ampelekee.

Hakuna alienambia nizime simu, maana hapo sikuwa nimeiwasha. Nilikuwa naogopa.

Siku ya 5, Jumatatu

Mvua kutwa. Nimekaa chumbani kusikiliza nilichorekodi, nimegundua mazungumzo ya yule mama wa Mji Mkongwe yote yamefunikwa na feni. Dakika 47 za feni. Nilikuwa nimeweka simu chini yake kabisa, kiyoyozi cha bure. Nimeandika upya kwa kumbukumbu mpaka mkono ukauma.

Siku ya 6, Jumanne

Gari ya Konde, alafu bodaboda mpaka Micheweni, alafu miguu. Ardhi ya huku nyengine kabisa, mawe matupu, karafuu huioni, watu ni wa bahari na kuponda kokoto.

Nilikuja kwa ajili ya Januari 2001. Ukitaka kwa ufupi, uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, majimbo 16 yakarudiwa kura, upinzani ukakataa matokeo ukaitisha maandamano. Ijumaa tarehe 26 watu wakapigwa risasi Unguja pale msikiti wa Mwembetanga, Jumamosi tarehe 27 ikawa Pemba, Wete, Micheweni, Chake, Mkoani. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31, Human Rights Watch wakasema si chini ya 35 na majeruhi zaidi ya 600. Zaidi ya watu elfu mbili wakakimbilia Shimoni, Kenya, ndo mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa kila jirani, ikatoa wakimbizi wake yenyewe. Hayo yameandikwa, yapo. Ambacho sijawahi kukisoma popote ni nani alieendesha vyombo.

Nimempata mmoja. Siandiki kijiji chake. Tulikaa chini ya mkungu ufukweni, anashona jarife, sindano ya mbao inaingia inatoka, haangalii mkono. Kwa saa nzima alinisimulia kama wenzake wote. Watu wamejificha kwenye mikoko mpaka maji yamewafika kifuani, watoto wanatiwa kanga mdomoni wasilie. Usiku wanakuja ufukweni mmoja mmoja. Mashua yake ya kubeba watu kumi ikabeba kumi na tisa, kaskazi imechacha, tanga linapasuka upande, wanafua maji kwa makopo ya rangi zamu kwa zamu mpaka alfajiri. Kuna kijana ana risasi ya paja kafungwa kwa kilemba, njia nzima anaomba radhi kwamba damu inachafua chombo cha watu. Walifika salama wote. Shimoni wakapokewa, wengine baadae wakapelekwa mpaka makambi ya ndani ya Kenya, wengine wakarudi baada ya muafaka wa vyama wa Oktoba.

Nikashukuru, nikainuka. Nilikuwa nishaanza kufuta mchanga kwenye suruali.

"Kaa. Zima simu hiyo."

Nikakaa nikazima. Akashona vishimo vitatu vinne hivi. Alafu akanambia, mwanangu we, mie siku ile sikuwabeba bure. Kila ntu nilimtoza. Wasionacho niliwaambia wabaki. Kulikuwa na mwanamke ana watoto wawili, pesa hana, kavua bangili yake ya dhahabu, haikutoka, mkono umevimba kwa maji, kaisugua na mafuta ya taa ya chombo mpaka ikatoka na ngozi. "Nikaipokea." Bangili ile kaiuza Shimoni siku ya pili, karudi na jarife jipya. Kalivulia miaka sita. Watoto wake wamesoma kwa jarife lile.

Nikauliza alishawahi kumuona tena yule mwanamke. Akasema kila wiki. Anauza dagaa pale pale dikoni, anakuja kununua kwake. Hawajawahi kulizungumza. Kila akimpimia anamzidishia kidogo, na mwanamke kila mara anakiona kile alichozidishiwa, anakitoa, anakirudisha ndani ya chombo.

Nilirudi Konde nimekaa kiti cha nyuma cha gari na sikuandika kitu. Nilifika pahala nikafungua daftari kwenye ule mstari niliouzungushia duara siku ya pili, nikataka kuufuta, nikaacha. Nilikuwa namfikiria yule mwalimu wa Chake, na leso yake.

Siku ya 7, Jumatano

Wete. Mchana nimeongea na fundi cherehani ambae mguu mmoja hauchezi tangu ile Jumamosi ya 2001, pedali anaipiga kwa mguu wa kushoto peke yake na anashona haraka kuliko wengi. Alikuwa hakwenda maandamano, alikwenda kufuata vifungo. Hilo alilirudia mara tatu. Ana risiti ya vifungo mpaka leo, kaniletea, karatasi imekuwa laini kama kitambaa.

Jioni nikaenda kusimama nje ya lililokuwa duka la baba yangu. Saa hizi ni duka la vocha na chaja.

Sa lazima niseme, maana siku ya nne nilidanganya. 1995 uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi rais wa Zanzibar alitangazwa kwa 50.2 kwa 49.8, na Pemba viti vyote 21 vilikwenda chama cha upinzani, CUF. Baada ya hapo ilianza kususiana. Chama hiki hawanunui duka la chama kile, hawapandi gari yake, hawachoti kisima chake, na lililo zito kuliko yote, hawazikani. Kwa Muislamu wa Pemba kutozikwa na jirani si jambo la kusimulia haraka haraka. Baba alikuwa chama kimoja, ndugu yake wa tumbo moja, ami yangu, chama kingine. Mtu wa Pemba atajua kipi ni kipi kabla hajamaliza sentensi, wa mbali haimsaidii. Duka lilisusiwa miezi. Mi nilikuwa natumwa nikae kaunta skuli ikitoka, kazi yangu kuangalia watu wanapita na vikapu kwenda duka la mbali kununua chumvi ambayo sisi tunayo. Peremende zilinatana ndani ya chupa zikawa jiwe moja, nilikuwa nachokonoa na msumari. 1996 baba akafa. Presha ni kweli ilikuwa presha. Mama akatubeba Dar, na nyumbani kwetu hadithi ikawa presha, nukta.

Ami yuko hai. Sijaonana nae tangu nna miaka tisa, simu za Iddi tu. Kesho.

Siku ya 8, Alkhamis

Nimefika kwa ami baada ya lasiri. Kazeeka, kawa mdogo. Nimempa mkono nikaubusu, kanishika kichwa kama nna miaka tisa, kaita wajukuu waniletee dafu. Tukakaa ukumbini kuchambua karafuu, watu wote wa nyumba, maana zimechumwa asubuhi na haziwezi kungoja mgeni. Kazi yenyewe unashika shada, unalisugua na kiganja, karafuu zinaanguka huku makonyo kule, baada ya nusu saa vidole vinakuwa vyeusi na vinanata, na shada la pili hulioni tofauti na la mia.

Nilikuwa nimepanga maswali. Sikuuliza hata moja. Ami mwenyewe ndo alianza, wajukuu walipokwenda magharibi msikitini. Alisema yeye alikuwa mwalimu, ndio najua, na mwanzo wa 1996 akapata barua ya kuachishwa, yeye na wenziwe kadhaa, sababu haikuandikwa. Watu wakasema majina yametoka dukani. Duka lipi? Wakamwambia, "La ndugu yako." Nikaacha kuchambua. Yeye hakuacha.

"Ilikuwa kweli?" nikauliza.

"Sijui. Sikumuuliza."

Hatua mia mbili kati ya nyumba na nyumba, na hakumuuliza. Miezi saba wakipishana njiani anaangalia upande wa pili. Alafu asubuhi moja mkewe anamwambia kwamba kule kwa kaka yako kuna kilio. Kimya. Hakuna aliekwenda, na yeye akajiambia nikienda peke yangu watanisusia na mie, ajira sina, watoto sita, nani atanikopesha unga. Kwa hiyo alipita nyuma ya mashamba akakaa chini ya mwembe unaoangalia makaburini. Aliiona jeneza ikija. Mazishi ya kwetu jeneza hupokezwa, kila mtu anataka kulishika, linakwenda kama linaelea juu ya vichwa, hujui nani kalibeba. Ile ya baba ilibebwa na wanne, mwanzo mpaka mwisho. Nyuma yao tisa. Pale penye mteremko ikabidi waitue chini wapumzike, jeneza ikakaa juu ya majani, na mmoja wa wale wanne, mzee mtu mzima, akakaa pembeni yake akavua kofia akawa anajipepea.

"Nilikuwa nna nguvu siku zile," ami akasema. "Nilikuwa naweza kubeba gunia la karafuu peke yangu."

Alisema baadae, Novemba 2009, Rais Amani Karume, mtoto wa Mzee Karume, na Maalim Seif wa CUF walipokutana Ikulu, na 2010 kura ya maoni ikapita kwa asilimia 66.4 na serikali ya umoja ikaundwa, watu wakaanza tena kuzikana, na yeye akawa haachi maziko hata moja, chama chochote, Wete kwa Konde, mpaka wenzake wanamtania kwamba anatafuta kazi ya kuchimba kaburi. 2015 matokeo yakafutwa na kususiana kukarudi, yeye akaendelea kwenda. Walimsusia kweli. "Kumbe yanavumilika," akasema, na hapo ndo sauti ilimkatika.

Nje kiza kishaingia. Karafuu zimekuwa chungu mbili kubwa kati yetu. Nikasema asante ami, nikawa nataka kunyanyuka nikanawe mikono, maana sikujua nifanye nini kingine.

"Simu yako iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye begi, imezimwa ami, usiwe na wasiwasi, hakuna nilichorekodi.

"Iwashe."

Nikadhani sikusikia. Akasema iwashe, nitasema tena toka mwanzo, na nitaanza na jina langu. Akajipangusa vidole kwenye shuka, akaweka kofia sawa, akakaa kama wanavyokaa wazee wakipigwa picha ya kitambulisho. Akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, kijiji, alafu akasema, "Mimi sikumzika ndugu yangu," na hapo nikaangalia kioo nikaona chaji asilimia 4.

Nikatoka mbio peku mpaka nyumba ya jirani kuomba chaja. Nimegonga kwa kiwiko, vidole vinanata.